Nianze na nini Julai ili Krismasi isinikute nimekesha na sindano mkononi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kila mwaka najiapiza kwamba zawadi za Krismasi nitatengeneza mwenyewe, na kila mwaka wiki ya mwisho inanikuta nakesha nikifuma, halafu nusu ya watu naishia kuwapa vitu vya dukani nilivyochukua kwa haraka. Mwaka huu nimeamua kuanza Julai hii hii. Nina orodha ya watu 18. Nataka kuwafumia watano skafu, wengine kofia, nitengeneze sabuni, mishumaa ya kwenye glasi, na chupa za mafuta ya zeituni yenye vitunguu saumu na pilipili. Hizo chupa nataka nizifunge sasa ili ladha ikolee hadi Desemba. Kwa ajili ya mti nataka nyota za unga na chumvi, ila nina woga: mwaka juzi nilizitengeneza mapema, nikazifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, na nilipofungua Desemba zilikuwa zimelainika, zinatoa jasho na rangi inabanduka. Dada yangu anasema kuanza mapema ni kujisumbua, vitu vitaharibika na mimi mwenyewe nitakuwa nimechoka kabla ya Oktoba. Kuhusu sabuni, nimesikia lazima ikae miezi ili kostiki iishe nguvu, na kwamba mafuta yoyote yanafaa mradi kipimo ni kilekile. Naomba unielekeze: nianze na nini, niache nini, na je, dada yangu anasema kweli?

JIBU: Marahaba, mama.

Naona hofu mbili zinakuvuta huku na huku. Hutaki tena kuingia Krismasi ukiwa hoi, na hutaki kazi ya miezi mitano ikuozee kabatini. Dada yako amesema nusu ya kweli. Katika ulivyovitaja, vipo ambavyo ukivianza leo vitaharibika, na kimoja kinaweza kumdhuru mtu unayempenda. Vipo pia ambavyo usipovianza mapema havitakuwa tayari, hata ukeshe vipi. Kila kitu cha mkono kina muda wake kinaoutaka baada ya mikono yako kukiacha. Sabuni inataka kukauka, nta inataka kutulia, uzi unaweza kungoja bila kudhurika, unga wa chumvi unavuta maji ya hewani. Ukishaujua muda wa kila kimoja, unahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25 Desemba, na hapo utaona wazi kipi ni cha Julai, kipi cha Oktoba na kipi cha wiki ya mwisho.

Nianze na chupa za mafuta, kwa sababu hapo sitaki usubiri hadi mwisho wa jibu. Usizifunge, wala sasa wala Novemba.

Watu wengi wanaamini mafuta yanahifadhi chochote kilichozamishwa ndani yake, kama chumvi au siki. Si kweli. Kazi ya mafuta ni kufukuza hewa tu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Udongoni kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Viini vyake, ambavyo ni kama mbegu ngumu zilizolala, hukaa kwenye mazao yanayoguswa na udongo, vitunguu saumu vikiwemo. Ukila kitunguu chako leo, viini hivyo kwa mtu mzima mwenye afya hupita bila madhara. Ili viamke na kutoa sumu vinahitaji mahali pasipo na hewa, penye unyevu, pasipo na uchachu wa kutosha, na penye joto la kawaida la chumbani. Kitunguu kibichi ndani ya chupa ya mafuta kinatimiza yote manne: mafuta yamezuia hewa, kitunguu kimeleta maji yake, uchachu hakuna, na kabati lina joto. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu, na chupa yenye sumu inaweza kuonekana safi, ikanukia vizuri na ladha isibadilike hata kidogo. Kuchemsha vitunguu kwanza hakukuokoi, maana viini hivyo vinastahimili maji yanayochemka. Viwanda huviua kwa mvuke wenye shinikizo wa nyuzijoto 121 za Selsiasi, au huongeza asidi kwa vipimo maalumu. Jikoni mwetu hatufanyi hivyo kwa kukisia.

Mafuta ya aina hiyo yanafaa kutengenezwa kidogo, kuwekwa kwenye friji na kuliwa ndani ya siku chache. Kwa zawadi ya kukaa, hayafai kabisa. Badala yake chukua pilipili zilizokauka kabisa na unga wa kitunguu saumu kikavu, changanya na chumvi, tia kwenye chupa ndogo yenye mfuniko mkavu. Bakteria hawaamki pasipo maji. Ukitengeneza Novemba, harufu itakuwa bado kali siku ya kufunguliwa. Na ikitokea mtu amekula mafuta ya namna ile kisha anaona vitu viwiliviwili, kope zinashuka, anashindwa kumeza au ulimi unakuwa mzito, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe amekula nini. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, na inasaidia zaidi ikitolewa mapema.

Sasa sabuni, ambayo ndiyo zawadi ninayokushauri uipe nafasi kubwa mwaka huu. Umeambiwa mambo mawili, na yote mawili yana kasoro.

La kwanza ni kwamba inakaa miezi ili kostiki iishe nguvu. Kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, ikikutana na mafuta vinageuzana: vinatoka sabuni na gliserini, na kostiki yenyewe haipo tena. Sehemu kubwa ya mgeuko huo humalizika ndani ya saa 24 hadi 48. Wiki nne hadi sita zinazofuata ni za maji. Sabuni ya kumimina bila kupika huwa na maji mengi siku ya kwanza, na ukiitumia hivyo itayeyuka bafuni kabla ya wiki kuisha. Ikikaa kwenye rafu yenye hewa, maji yanatoka polepole, kipande kinapungua uzito, kinakuwa kigumu, povu linaboreka na ngozi inakipokea vizuri zaidi. Kwa hiyo pima kipande kimoja kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, sabuni iko tayari.

Nakusisitizia hili kwa sababu lina matokeo makubwa. Mtu anayeamini kwamba muda unaiondoa kostiki ataweka kando sabuni iliyokosewa vipimo, akidhani itajirekebisha. Haitajirekebisha. Ikiwa baada ya wiki sita bado inaunguza ngozi, kostiki ilizidi tangu mwanzo na sabuni hiyo si ya kumpa mtu.

Hapo ndipo linapoingia lile la pili, kwamba mafuta yoyote yanafaa kwa kipimo kilekile. Kila aina ya mafuta inadai kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi zinahitaji takriban gramu 18 ili zigeuke zote, ilhali gramu 100 za mafuta ya zeituni zinahitaji takriban 13.5. Ukichukua vipimo vya sabuni ya nazi ukamimina mafuta ya zeituni, utabakiwa na kostiki nyingi isiyo na mafuta ya kuungana nayo, na hiyo itaunguza mtu. Kwa hiyo tumia kanuni iliyoandikwa kwa mafuta uliyonayo, pima kwa mizani inayosoma gramu na kamwe usipime kwa vikombe. Punguza kostiki kwa asilimia 5 hivi chini ya kiwango kamili, ili mafuta kidogo yabaki yakilainisha ngozi. Kanuni nyingi nzuri zimekwisha kupunguza, hivyo soma kwanza usije ukapunguza mara mbili.

Kuhusu usalama sitakuwa mfupi. Kostiki inamwagwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye kostiki. Ukigeuza mpangilio, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata mpangilio sahihi, maji yatapata joto kali ndani ya dakika moja na kutoa mvuke unaokereketa koo, hivyo fanyia penye hewa. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu na nguo ya mikono mirefu. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Watoto na wanyama wawe nje ya chumba mpaka vyombo viwe vimeoshwa. Ikikudondokea kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, usipake siki wala mafuta. Ikiingia jichoni, osha kwa maji huku unapelekwa hospitali. Mtu akiimeza, asitapishwe, akimbizwe hospitali. Kama hujawahi kabisa kutengeneza sabuni ya kostiki, mkupuo wa kwanza fanya pamoja na mtu anayeijua kazi hiyo, ana kwa ana. Kuna mambo ya jinsi mchanganyiko unavyopaswa kuonekana unapokuwa mzito ambayo maandishi yangu hayawezi kukuonyesha.

Na lini? Sabuni yenye nazi nyingi, ukiimimina mwanzoni mwa Oktoba, inawahi vizuri, na mwanzo wa Novemba ndio mwisho wa kuthubutu. Ya zeituni tupu ni polepole, inapendeza zaidi baada ya miezi kadhaa, basi hiyo ndiyo ya kumimina sasa hivi Julai. Mkupuo wa kilo moja ya mafuta hutoa vipande kumi na zaidi, na huo ni zaidi ya nusu ya orodha yako kwa kazi ya alasiri moja. Kumbuka mambo madogo mawili: manukato ya jamii ya machungwa hupotea haraka ndani ya sabuni, na yale yenye vanila huigeuza kuwa ya kahawia. Funga kwa karatasi wakati wa kugawa, usitumie plastiki, ili iendelee kupumua.

Mishumaa ni rahisi zaidi, lakini inadai jambo moja ambalo waanzaji hulikwepa, nalo ni majaribio. Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta. Joto la mwali huyeyusha nta, utambi unaivuta juu, inageuka mvuke, ndipo inashika moto. Utambi mnene mno kwa glasi yako huvuta nta nyingi kuliko hewa inavyoweza kuiteketeza, na unapata moshi mweusi na glasi ya moto hatari. Utambi mwembamba mno huzama kwenye dimbwi lake na kuzimika. Wala kuongeza manukato hakufanyi mshumaa unukie zaidi bila kikomo, kwani mafuta ya manukato yakizidi hutuama juu au huziba utambi. Fuata kiwango kilichoandikwa na muuzaji wa nta.

Kwa hiyo mwezi Septemba tengeneza mishumaa miwili au mitatu ya majaribio, glasi ileile, nta ileile, unene wa utambi tofauti. Washa mmojammoja ukiwa chumbani, usizidishe saa nne kwa mara moja, na uangalie kama dimbwi la nta linafika ukingoni na kama glasi bado inagusika. Tumia glasi zilizotengenezwa kuhimili joto. Ukishapata utambi sahihi, mimina ya zawadi mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Nta ya soya hutulia kwa wiki moja hadi mbili kabla harufu haijatoka vizuri, parafini ni siku chache. Mishumaa ikikaa tangu Julai haiozi, ila harufu hupungua, rangi hufifia kwenye mwanga, na kabati likipata joto inalegea. Sioni faida ya kuiwahisha. Unapoyeyusha, weka chombo cha nta ndani ya sufuria yenye maji ya moto, usiondoke jikoni, na nta ikishika moto usiimwagie maji hata tone. Funika kwa mfuniko na uzime jiko.

Hizo nyota zako za chumvi zimenihuzunisha, maana ulizitengeneza kwa bidii na ukazifunga kwa nia njema, na kule kuzifunga ndiko kulikoziponza. Chumvi hunywa maji ya hewani. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe pale ilipo. Nyota zako, nakisia, zilikuwa kavu juu na mbichi katikati. Mtu huziweka kwenye oveni kali, ngozi ya nje inakauka upesi na kuyafungia maji ndani. Ukizitia kwenye plastiki, maji yale hutoka katikati taratibu kwa wiki kadhaa, hayana pa kwenda, chumvi inayanywa na kulia machozi, na rangi iliyokaa juu yake inakosa pa kushika.

Tiba yake ipo. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini na takriban kimoja cha maji, usimwage maji yote kwa pamoja. Kanda mpaka donge liwe laini, sukuma liwe na unene wa nusu sentimita, usizidishe. Toboa tundu la uzi kabla ya kukausha. Kausha kwa moto mdogo, kama nyuzijoto 100, kwa saa mbili au tatu na zaidi, ukigeuza upande. Halafu usizihukumu kwa macho. Pima nyota moja kwenye mizani ileile ya sabuni, irudishe kwa nusu saa, pima tena. Ikiwa uzito umeshuka, bado kuna maji. Uzito ukisimama, zimekauka hadi moyoni. Ziache zipoe, paka rangi, ziache usiku mzima, kisha paka vanishi isiyopitisha maji pande zote mbili, kingo zote, na ndani ya tundu. Gundi nyeupe ya karatasi haitoshi kwa kazi hii kwa sababu yenyewe inalainishwa na unyevu. Vanishi ikishakauka kabisa, zihifadhi kwenye bati lenye vile vijifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kila nyota ndani ya karatasi yake.

Ukifanya hivyo zitafika Desemba hata ukianza leo. Lakini kwa nyumba ambayo umeshaona ina unyevu, mimi ningezitengeneza Novemba mwishoni pamoja na watoto kama wapo, na kuiachia Julai vitu vinavyoihitaji. Jambo moja la kuangalia: kama kwenu au kwa unayempelekea kuna mbwa, nyota hizi zitundikwe juu asikozifikia. Mbwa huvutiwa na harufu ya unga, na chumvi iliyomo inatosha kumuua. Akizila, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili.

Mapambo ya karatasi hayana shida yoyote, anza unapotaka. Tumia karatasi nzuri, kwa kuwa ya gazeti hugeuka njano kwenye mwanga. Yahifadhi yakiwa bapa gizani, uyafunge kwa uzi, maana mipira ya kufungia hukauka na kunata. Vipande vya machungwa vya kutundika vinakubali pia, mradi vimekauka hadi vinavunjika badala ya kupinda.

Nimeuacha ufumaji mwisho kwa sababu hapo ndipo mwaka wako huharibikia. Sufu na pamba haviozi. Skafu ya Julai itakuwa ileile Desemba, ukiifua na kuikausha kabla ya kuiweka, kwa kuwa viwavi wa nondo hupenda zaidi sufu yenye jasho na madoa. Tatizo la ufumaji ni hesabu. Tuchukue skafu ya sentimita 160, na tuseme kila sentimita 10 zinakuchukua saa moja na nusu. Hizo ni saa 24. Ukipata nusu saa kila usiku, ni usiku 48 kwa skafu moja. Skafu tano ni usiku 240. Kutoka katikati ya Julai hadi Krismasi kuna siku 160 na ushee. Umeona? Kwa skafu tano, hata Julai umechelewa, na hapo kofia bado.

Hili halitokani na uvivu wako. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba watu hukadiria muda wa kazi kwa kuiwaza ikienda sawa, bila kuangalia kazi za aina hiyo zilizopita zilichukua muda gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Walikadiria wastani wa siku 33.9, na ikawachukua siku 55.5. Kila mwaka wewe nawe unaiona skafu iliyokamilika, huuoni usiku wa mtoto mwenye homa, wala umeme uliokatika, wala mistari kumi uliyoifumua kwa sababu kitanzi kimoja kilidondoka.

Kwa hiyo kabla ya kununua uzi wa watu wote, fuma kipande cha mraba cha sentimita 15 kwa uzi na sindano utakazotumia, ukitazama saa. Kifue, kikauke, kisha hesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Kipande hicho kinakupa kasi yako halisi, na pia kinaokoa kofia. Kanuni ya kofia ikisema vitanzi 100 kwa mkono unaotoa vitanzi 20 kila sentimita 10, utapata mzunguko wa sentimita 50. Mkono wako ukikaza kidogo ukatoa 22, mzunguko unashuka hadi sentimita 45 na nusu, na kofia inabana kichwani. Watu wengi huona kipande hiki ni kupoteza uzi. Mimi naona ndiyo saa yenye faida kuliko zote katika mradi mzima. Kwa mtoto, fuma saizi ya Desemba, maana mtoto unayempima Julai hatakuwa yeye. Na kwa mtoto mchanga usishone vifungo wala vishada, hung'oka na kumkaba.

Ukishaipata kasi yako, izidishe kwa moja na nusu, halafu uamue ni akina nani watafumiwa. Nakuomba uchague wawili, wasizidi watatu, wale ambao ukiwafikiria unajua watavaa kweli. Wengine wapate sabuni, mshumaa au chumvi ya viungo, na wala usijione umewapunja. Kipande cha sabuni kilichokaa wiki sita kina mikono yako ndani yake sawasawa na skafu.

Dada yako alisema pia utachoka kabla ya Oktoba. Hapo simpingi, nimeona wengi wakiachia njiani. Mara nyingi wanaochoka ni wale walioanza vitu vinane kwa pamoja, kila kimoja kikiwa nusu. Macho yanaona nusu nane, moyo unakata tamaa. Maliza cha mtu mmoja kabisa kabla ya kushika cha mwingine, na kumaliza maana yake ncha za uzi zimefichwa, kimefuliwa, kimefungwa, jina limeandikwa. Vile vikazi vya mwishoni, kuficha ncha, kushona kifungo, kuandika kadi, ndivyo vinavyokula usiku wa Desemba, kwa sababu hakuna anayevihesabu. Kila kazi ikae kwenye mfuko wake na kikaratasi kinachosema umefika mstari wa ngapi na sindano ni namba gani, ili ukiiacha wiki tatu usirudi kuanza kukisia. Katikati ya Oktoba kaa chini na orodha. Skafu ambayo haijafika nusu siku hiyo igeuze iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mhusika mwakani, na umwandalie sabuni. Novemba acha iwe ya mishumaa, nyota na kufunga.

Na mikono yako uitazame. Ukianza kuamka usiku vidole vimekufa ganzi, hasa gumba, cha shahada na cha kati, au kama vitu vinakuponyoka bila sababu, mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza, huenda unabanwa. Pumzika kila dakika ishirini au thelathini, legeza mshiko wa sindano, na kama ganzi haiishi baada ya wiki mbili za kupumzika, nenda kwa daktari akushike mkono na kuupima. Usiivumilie hadi Krismasi. Ukiiacha ikae, nguvu ya gumba hupungua na kurudi kwake si hakika.

Wiki hii, basi, fanya mawili tu. Fuma kile kipande cha mraba ukitazama saa, na utafute mtu wa kukaa naye kwenye mkupuo wa kwanza wa sabuni ya zeituni. Ukishapata namba zako, dakika kwa kila sentimita 10 na vitanzi kwa sentimita 10, niandikie pamoja na unene wa uzi, tupange ni akina nani katika wale 18 watapata skafu.